Kitabu chenye Milango Miwili

Zuhura, mjukuu wangu, na wewe Hamisi mumewe, mmenitandazia vitabu viwili juu ya mkeka mkataka niamue. Mnakwenda Msumbiji, mpite Malawi, mtokee Zambia, na kila mmoja wenu ameshika kitabu chake cha mwongozo na hataki kukiachia. Hamisi anasifu ramani za kitabu chake. Zuhura anasema chake kinaeleza watu wa huko wanakula nini na wanalala wapi, na ramani hazipikwi. Sikuwajibu pale pale kwa sababu nikianza kusema mnanikatiza, nawajua. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na vijana wengine hapa Mchinga wakitaka kusoma, wasome. Ubishi wenu huu si mgeni kwangu. Niliwahi kuuona ukiwa mkubwa zaidi, na mimi ndiye niliyeshika sindano.

Kazi yangu ilikuwa vitabu. Wakati wa Mwingereza nilikuwa Lindi mjini, katika duka la Fundi Zubeiri, Mngazija mrefu mwenye maneno makali na mikono ya upole. Mbele tuliuza misahafu, vitabu vya shule, vitabu vya safari, wino na kofia. Nyuma, uani, tulijalidi vitabu, yaani tulivishona na kuvitia majalada mapya. Gundi tuliipika kwa unga wa muhogo, tukatia maji ya majani ya mwarobaini ili wadudu wasiipende. Uzi ulikuwa wa katani, tuliupaka nta mpaka uteleze. Mkinusa kitabu cha zamani kikawa na uchungu kidogo puani, jueni kilipita kwa mtu aliyejua kazi.

Kwanza lazima mjue jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Siku zile Kiswahili kiliandikwa kwa namna mbili. Waliosoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto. Waliosoma shule za serikali au za misheni waliandika kwa herufi hizi mnazozisoma sasa. Mtu mwenye barua nzuri sana kwa herufi moja aliweza kuwa hajui hata kusoma jina lake kwa herufi nyingine. Nyumba moja, kitanda kimoja, na kila mtu na herufi zake. Mimi nilibahatika kupita kote kuwili, ndiyo maana Fundi alinichukua.

Hata hivyo mwanzoni nilimtia hasara ya heshima. Alinipa kitabu cha dua cha shehe mmoja wa Kilwa Kivinje, nikishone upya. Nikakishona vizuri, nikakibana kwa mawe, kikakauka, kikang'aa. Kumbe nilikishona kwa upande wa herufi za Kizungu. Shehe alipokifungua akakutana na karatasi zilizokatwa kingo, zimeachana kama meno ya mtoto, na dua ya mwanzo iko mwisho. Fundi hakunipiga wala hakunitukana. Alinikalisha uani akaniambia nisome kitabu chote kwa sauti, kama nilivyokishona, kuanzia aamini kurudi kwenye bismillahi. Majirani walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo sikugusa sindano kabla ya kuuliza kitabu kinafunguliwa wapi.

Fundi ndiye aliyenifundisha kumjua mteja. Mteja haulizwi kama anajua kusoma, hilo humwaibisha mtu mzima mbele za watu. Fundi alikuwa na kitabu kisicho na maandishi juu ya jalada, anamkabidhi mteja huku anazungumza mambo ya mvua na bei ya korosho. Kisha anatazama kidole gumba. Kikienda kulia, huyu ni wa chuoni. Kikienda kushoto, huyu ni wa shule. Asipofungua kabisa, akawa anakipapasa tu na kukisifu uzito, Fundi humwuliza taratibu, "Atakayekusomea nyumbani ni nani?" Basi tunamchagulia kitabu yule atakayesoma.

Na vitabu vya safari alivipima kwa njia yake. "Usianze na nchi usiyoijua," alikuwa akisema. "Hiyo watakudanganya na utashukuru. Anza na Lindi. Kikikosea Lindi, kitakosea na Bombay." Kulikuwa na kitabu kimoja kinene cha wasafiri wa Kizungu kilichoandika kwamba Kilwa hakuna cha kuona, na maji yake yana chumvi. Fundi alikiweka dirishani jua likakipausha, hakuna mtu aliyeambiwa akinunue. Hamisi, fungua hicho chako chenye ramani utafute Nangurukuru, hapo njia panda ya Kilwa. Mimi nimekwisha kutafuta. Haimo.

Nisisahau yule Mzungu mmoja aliyekuwa akienda kusini kwa gari, nchi baada ya nchi. Alituletea kitabu chake akataka tukikate vipande, kila nchi kipande chake, ili akimaliza nchi aitupe apunguze mzigo. Fundi alikataa kushika kisu, akanisukumia mimi, nikakata. Bwana yule akalala Lindi, asubuhi akatupa Tanganyika, akaondoka na Msumbiji ya Mreno na Nyasa. Masika yakamkamata huko mbele, barabara ikawa matope, siku chache baadaye akarudi Lindi na gari limejaa udongo mpaka madirishani. Hakujua alale wapi wala gari alipeleke kwa nani, na kurasa alikwisha kuzitupa. Tulizipata sokoni. Mama mmoja alikuwa akifungia karanga. Ilibidi bwana anunue karanga nyingi kabla ya kuipata Lindi, na Fundi alizila huku anamshonea.

Sasa nije kwa watu wangu wawili.

Bwana Issa alikuwa karani wa mizani katika shamba la katani nje ya mji, amekwisha kustaafu. Alikuwa Mmwera wa bara, alisoma shule ya misheni, jina lake la kwanza lilikuwa Yosefu. Alisilimu alipomwoa Bi Somoe, binti wa ukoo wa mashehe wa Kilwa Kivinje. Bi Somoe alisoma chuoni kwa baba yake, na kwa herufi za Kiarabu alikuwa hodari kuliko wanaume wengi. Miaka yote ya ndoa yao, yeye akishona kofia na mume akipima katani, waliweka akiba kwa jambo moja tu, kwenda kuhiji.

Mji mzima ulijua habari yao, na ulijua pia maneno ya kaka zake Bi Somoe. Kila walipokuja Lindi walisema waziwazi msikitini, bila kumtazama mtu, "Huyo Mmwera atamwongoza dada yetu mpaka Makka?" Walisema kwa utani, lakini Bwana Issa hakucheka. Hata siku ile alipoingia dukani kwetu na mkewe nilimwona ana uso wa mtu anayekwenda kufanya mtihani.

Tulikuwa na vitabu viwili vilivyowafaa. Kimoja kilipigwa chapa Unguja kwa herufi za Kiarabu, kilieleza dua za kupanda chombo, vazi la ihramu, tawafu ya kuizunguka Kaaba, ziara ya Madina, kila jambo na mahali pake. Cha pili kilikuwa cha herufi za Kizungu, cha wasafiri wa baharini. Kilieleza Unguja, Mombasa, Adeni mpaka Jidda: pasi inakaguliwa wapi, sindano za ugonjwa zinachomwa wapi, maji yananunuliwaje, nani wa kuogopwa bandarini. Tuliviweka vyote juu ya meza. Kidole gumba cha Bi Somoe kikaenda kulia na cha Bwana Issa kushoto.

"Hiki," alisema Bi Somoe.

"Mama Hadija, hicho kinakufikisha Makka kama umekwisha kufika Jidda," alisema Bwana Issa. "Sisi tuna bahari na nchi za watu za kupita kwanza. Pale Adeni utamsomea polisi dua?"

"Na wewe pale kwenye Kaaba utasoma bei ya maji?" Bi Somoe akakifunga kile cha mumewe kwa ncha ya kidole. "Safari ya Mungu hii, Baba Hadija. Nitaifuata kwa herufi za misheni?"

"Mungu anazijua herufi zote."

"Anazijua. Mimi ndiye nisiyezijua."

 Nilielewa pale pale ugomvi ulikuwa wa nini. Wakichukua cha mke, Bwana Issa ataongozwa kama kipofu mpaka nyumba ya Mungu na kurudi, na shemeji zake watakuwa wamesema kweli. Wakichukua cha mume, Bi Somoe ataingia katika ibada ya maisha yake kwa kutegemea mdomo wa mtu mwingine, naye hakuwahi kumtegemea mtu kwa neno lililoandikwa.

Mimi, kwa ujana, nikaona jambo rahisi. Nikasema, "Si mchukue vyote viwili?"

Bi Somoe akanigeukia. "Ili yeye afuate chake na mimi changu, tutafutane Jidda? Safari moja, kitabu kimoja."

"Kimoja," alisema Bwana Issa. Siku ile hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Fundi Zubeiri alikuwa akipika gundi, hakuinua kichwa. "Viacheni hapa," alisema. "Njoni baada ya Ijumaa."

Walipoondoka aliniita. Akakilaza kile cha Kizungu mezani, uso juu, mgongo wake kushoto kwangu. Akakichukua cha Unguja, akakipindua uso chini, mgongo wake nao ukaja kushoto. Akavibebanisha. Migongo ikawa mmoja. Ukifungua kutoka juu unaingia Mombasa na Adeni, ukikigeuza ukafungua kutoka upande wa pili unaingia dua na tawafu, na mwisho wa kimoja unakutana na mwisho wa kingine katikati. Nilishangaa kwamba sikuwahi kuliona jambo hilo, na yale maandishi yalikuwa yakikaa hivyo tangu zamani.

Shida ilikuwa ukubwa. Cha Unguja kilikuwa kipana zaidi, nami nikaleta kisu nikate kingo zilingane. Fundi akaupiga mkono wangu. Karatasi zile zilikuwa na majina ya Mungu, hata pambizoni mwake, na sisi vipande vya karatasi kama hizo hatukuvitupa, tulivizika. "Hatukati," alisema. "Acha kiwe na kidato." Basi kitabu kikawa na kidato pembeni, nusu pana na nusu fupi, unaweza kuijua kwa kidole hata gizani. Katikati tukatia karatasi ya buluu, ile iliyofungiwa sukari, iwe mpaka.

Bi Somoe alipokiona alikigeuza huku na huku muda mrefu. "Maalim," alimwambia Fundi, "umetufungisha ndoa ya pili."  Bwana Issa alikipakata kifuani akatoka nacho, na sisi tukawaona wakienda barabarani, mke akitaka akibebe na mume hataki kutoa.

Wakasafiri. Wakarudi salama. Kaka zake Bi Somoe walikuja kutoka Kivinje kuwapokea bandarini, na nilimwona mkubwa wao akiushika mkono wa Haji Issa kwa mikono miwili. Siku zile Haji Issa alipita mjini amenyooka, kanzu nyeupe, kila mtu anamsalimu kwa jina lake jipya. Nilifurahi kama vile ni mimi niliyehiji. Hakukaa sana. Kabla hija nyingine haijafika alikuwa amefariki, kwa homa, hapo hapo Lindi.

Bi Somoe alipotoka eda alikuja dukani na kile kitabu. Uzi ulikuwa umelegea, chumvi ya bahari imekula jalada. Nilifikiri anataka kishonwe.

"Kitashonwa," alisema. "Kwanza nifundishe kusoma upande wake."

Nilimwuliza kwa nini. Akakaa kitini, akanieleza. Walipofika Adeni alishikwa na homa, miguu ikavimba. Meli ya Jidda ilikuwa tayari, na hija ina siku zake, zikikupita zimekupita. Yeye akasema atapanda hata akibebwa. Mumewe akamsihi, akakataa. Akamkataza, akakataa pia. Ndipo Haji Issa akakifungua kitabu upande wake, akamsomea polepole: msafiri mgonjwa asipande meli ya kwanza, ajiuguze Adeni, meli ya pili itamfikisha kwa wakati. Kwa neno lililoandikwa Bi Somoe hakubisha. Wakabaki, akapona, wakapanda meli ya pili, wakawahi.

"Daktari wa ile meli ya pili aliniambia baadaye ningepanda ile ya kwanza ningezikwa baharini," alisema. "Basi nataka niyaone hayo maneno kwa macho yangu. Ndiyo yaliyonipa hija."

Vijana, sasa sikilizeni. Kitabu kile nilikiuza, nilikishona, nilikisoma kaunta ikiwa tupu, nilikijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Maneno hayo hayakuwamo.

Nikamwambia aje kesho. Nikamwendea Fundi, nikamwuliza nimwambie au nimfiche. Akafikiri huku akipaka uzi nta. "Amekuomba herufi," alisema. "Mpe herufi. Mengine ni yake na mumewe."

Nikamfundisha. Alikuwa mwepesi, lakini kila mara jicho lake lilikimbilia kulia, tunacheka, anarudi kushoto. Aliandika katika kibao cha watoto bila kuona haya. Alipoanza kusoma kitabu chenyewe hakutaka kuruka, alianza Unguja. Mimi nikawa namchelewesha. Mombasa nilimkalisha mno, nikamfanya arudie bandari, arudie forodha, arudie wachukuzi, mpaka akaniuliza kama nina mke Mombasa. Sikuwa na ujanja zaidi. Akaingia Adeni.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Maji ya kunywa yanauzwa. Jua ni kali, msafiri afunike kichwa. Fedha zibadilishwe dukani, si njiani. Meli hupakia makaa hapa, madirisha yafungwe. Akafika mwisho. Akafunua ukurasa wa pili, ikawa Jidda. Akarudi. Akasoma tena yote tangu juu, sauti yake ikizidi kuwa ndogo. Nilikuwa natazama sakafu.

"Hayamo," alisema.

"Hayamo, bibi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

 Nje mtu alikuwa akiuliza bei ya wino na hakuna aliyemjibu. Kisha Bi Somoe akaniuliza, "Na kule Jidda, kwamba mume ndiye abebe mizigo yote, mke ashike kitabu tu?"

"Hilo pia halimo."

"Na kwamba Madina mke ndiye alale upande wa dirisha, kwa upepo?"

Nikatikisa kichwa. Hapo alicheka. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na chini ya kanga kicheko kikageuka, mabega yakawa yanatikisika kwa namna nyingine. Fundi alitoka uani, akatazama, akarudi. Mimi nililia wazi, sioni sababu ya kuficha.

Alipojifunua aliniomba kalamu. Nikampa ya wino. Ukurasa wa Adeni ulikuwa mfupi, chini yake palikuwa na nafasi. Akaandika kwa zile herufi alizozichukia, kubwa, zilizopinda, akinong'ona kila moja: MSAFIRI MGONJWA ASIPANDE MELI YA KWANZA.

Basi Zuhura na Hamisi, ndiyo jibu langu hilo. Mkitaka niviunganishe vyenu, vyote vinafunguka upande mmoja, kazi ni nyepesi, na gundi bado naijua. Chukueni chochote. Ila mmoja wenu akichoka njiani, yule mwingine na afungue kitabu asome.

Bi Somoe alipuliza wino mpaka ukauka, akanikabidhi kitabu.

"Shona sasa," aliniambia. "Asije mtu akasema Issa wangu alinidanganya. Maneno yamo."